Kaka Anataka Gari Lake

Kabla ya kulivua gari, yaani kulifungua kipande kwa kipande, Fundi alitaka kwanza lifurahiwe. Ndivyo alivyofanya kwa kila gari bovu lililoingia bandani kwake. Kama linawaka aliliwasha, kama linakwenda aliliendesha, akalisikiliza wee mpaka wateja wakachoka, ndipo akashika spana. "Daktari gani anakupasua hajakusikia ukikohoa?" aliwauliza waliomcheka.

Hili lilikuwa gari dogo la mbio, la viti viwili, halina paa, lina pua ndefu na makalio mafupi. Lilitengenezwa wakati mkewe Fundi alikuwa bado ananyonya, na lilikuwa la marehemu baba wa mke huyo. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka ikafanana na tofali, sakafu imeliwa na kutu mpaka unaona ardhi, na bampa la nyuma linashikiliwa na waya. Lakini asubuhi hiyo, baada ya miezi ya kusafisha kabureta zake mbili na kubadilisha mipira ya breki, lilipiga chafya, likatema moshi mweusi kwenye nguo alizoanika jirani, likawaka.

"Panda," Fundi alimwambia mkewe.

"Nikanyage wapi? Hakuna sakafu."

"Nimekuwekea ubao. Panda, mwanamke, lisije likabadilisha mawazo."

Mtaani mke huyu aliitwa Mama Viti, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, huko huko kwenye banda la mumewe. Alipanda huku amejishika kichwa. Gari likatoka kwa kishindo. Watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mwenye duka akatoka na kopo la kupimia mkononi.

"Mama Viti! Leo umepata kijana!"

"Ni huyu huyu wa zamani, nimembadilishia mafuta tu!"

Walikwenda mpaka mwisho wa barabara ya lami wakarudi, kisha wakaenda tena, maana mara moja haikutosha. Upepo ulimtoa Mama Viti machozi. Binti yao, aliyekuwa anasuka nywele za watu kibarazani, aliacha kichwa cha mteja nusu, akakimbia na simu kuwapiga picha.

"Gia ya pili inalia," Fundi alisema kwa sauti ya juu. "Na beringi ya mbele kulia imelegea. Unasikia?"

"Mimi namsikia baba anacheka," akajibu mkewe.

Fundi aliongeza mafuta.

* * *

Walianza kulivua kesho yake. Fundi hakuwa na subira ya kuandika, na mkewe hakuona haja ya kuandikiwa. Kila bolti iliyofunguliwa ilioshwa, ikafungwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye ushonaji wa viti, ikatiwa kwenye kopo. Kitambaa chekundu kilikuwa cha mlango wa kushoto, kijani cha mlango wa kulia, cha maua kilikuwa cha boneti, chenye mistari cha breki za mbele. Fundo moja lilimaanisha juu, mafundo mawili chini. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu waoane, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua lugha hiyo. Fundi mwenyewe alijua nusu. Akikwama alinyoosha bolti juu bila kugeuka, na mkewe, sindano mdomoni, alimjibu: "Bawaba ya chini, ya nyuma."

Kwa gari hili vitambaa vilikuwa na kazi kubwa kuliko kawaida. Lilikuwa limeungwa kwa mikono ya watu, hakuna upande uliofanana na mwenzake. Nyuma ya kila bawaba waliolitengeneza walikuwa wameweka vibati vyembamba, huku viwili, huku vitatu, mpaka mlango ukae sawa. Ukivichanganya, mlango utafungika siku utakapopenda wenyewe. Hata bolti hazikuwa za kipimo kimoja. Nyingine zilikaribia kufanana kiasi kwamba moja iliingia nusu kwenye tundu la mwenzake, kisha ikaliharibu.

Walipomaliza, gari lilikuwa mifupa juu ya magogo manne, na ukutani yamepangwa makopo ya rangi na magunia, kila kimoja kina vitambaa vyake, banda zima limechangamka kama kuna sherehe. Fundi alisimama akaliangalia. Miaka yote alikuwa amenyoosha magari ya watu. Hili lingekuwa la kwanza kulitengeneza akakaa nalo.

"Likiisha," alisema, "sitaliuza hata aje nani."

Aliyekuja alikuwa shemeji yake.

* * *

Kaka yake Mama Viti alikuwa hajafika pale tangu msiba wa baba yao. Aliegesha gari lake kubwa mlangoni, likaziba mwanga. Fundi alifuta mkono akamnyooshea, mgeni akampa kiwiko.

"Samahani, shemeji, nina kikao baadaye."

Binti alimletea stuli. Aliitazama, akatoa leso, akaifuta, akaitazama tena, akabaki amesimama.

"Nimeona picha," alisema. "Zimezunguka mpaka zimenifikia. Sikujua kama linawaka."

"Linawaka, Mjomba!" binti akasema. "Ungelisikia!"

"Basi vizuri. Kuna maonyesho ya magari ya kale, wakubwa watupu. Mimi wamenichukua kwenye kamati. Nimeshawaambia nitakuja na gari la Mzee. Jumamosi naleta lori."

Mama Viti aliweka sindano chini. "Gari la nani?"

"La Mzee."

"Uliniachia mimi, Kaka. Mbele ya watu."

"Nilikuachia ulitunze. Kadi ya gari ina jina langu, mdogo wangu. Tusifike mbali kwa kitu kidogo."

Alikuwa amemwachia kweli mbele ya watu. Siku ile ya kikao cha mirathi kaka alichukua nyumba, akachukua viwanja, na dada alipouliza yeye je, kaka alitazama wazee kwenye viti vyao, akasema, "Aliyeolewa na nyundo apewe bati." Baba Mdogo, ambaye ndiye aliyeongoza kikao, alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Wengine wakafuatia. Jioni gari lilifungwa kamba likavutwa, Mama Viti ameshika usukani peke yake, na watoto wa kaka wanalikimbilia kwa nyuma wakimwita, "Bati! Bati!" Hakulia. Alikuwa anaangalia kamba isije ikakatika.

Sasa kaka alikuwa anatembea kati ya makopo, mikono nyuma, akisukuma gunia kwa ncha ya kiatu.

"Mbona mmelibomoa?"

"Tumelivua," Fundi alisema. "Ndiyo kazi inavyoanza."

"Haya. Hayo mengine mafundi wangu watafanya, wana mashine. Ila nataka kila kitu, shemeji. Kila kitu. Hata bolti moja isibaki hapa. Si kwamba nakusema wewe, ila mafundi nawajua." Alitoa noti, akatafuta pa kuiweka, akaikandamiza chini ya kopo la grisi. "Ya maegesho."

Alipoondoka mwanga ulirudi bandani. Noti ilikuwa imeshalowa grisi nusu. Hakuna aliyeigusa.

* * *

"Tumnyime," binti alisema wakati wa kula. "Aje na polisi. Mtaa mzima uliona."

"Mtaa hauna kadi," baba yake akajibu.

"Kwa hiyo tunampa tu?"

Fundi alikuwa hajala kitu. "Tunampa na vitambaa vyake. Mama yako akae na fundi wao, amfundishe rangi. Nani ataliendesha si neno. Gari halijamkosea mtu, na litengenezwe vizuri."

Mama Viti aliinua macho. "Nimfundishe?"

"Ni gari la baba yako."

"Nimsomeshe fundi wa kaka, ili kaka akapigwe picha?"

"Mke wangu, mimi ndiye nanyang'anywa kazi, na nasema liende salama."

Hakumjibu. Fundi alidhani amekubali, kwa sababu katika nyumba hiyo kunyamaza kulikuwa kukubali. Alisahau kwamba kanuni hiyo ilikuwa yake yeye. Mkewe alikuwa hajawahi kuisaini.

Alhamisi Fundi alikwenda kwa wapaka nikeli, wanaong'arisha vyuma, kuchukua bampa alizokuwa amezipeleka, ili nazo zisikosekane. Mama Viti alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akafunga mlango wa banda, akamwaga kopo la kwanza juu ya turubai.

Alianza na vyekundu. Mafundo aliyafunga mwenyewe, ya kishonaji, hayafunguki kirahisi. Yaliyogoma aliyakata kwa mkasi. Kisha kijani, kisha vya maua. Alivuta vibati vya bawaba kutoka kwenye nyuzi zake vikadondoka kama samaki wadogo, na kila kilipolia kwenye turubai alisikia raha kifuani, raha ya kujikuna mahali palipowasha kwa miaka. Alipomaliza kopo la mwisho aliosha kila kitu upya kwa mafuta ya taa, asibakize hata alama ya grisi ya kumsaidia mtu, akavichanganya kwa mikono miwili mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayekanda unga. Halafu akavirudisha kwenye magunia kwa sepetu.

Binti alimkuta kwenye gunia la mwisho.

"Mama. Mama, umefanya nini?"

"Amesema hata bolti moja isibaki. Njoo ufagie, isije ikabaki moja."

"Baba atasema nini?"

"Baba yako hakuitwa bati."

"Aliitwa nyundo," binti akasema.

Mkono wa Mama Viti ulisita juu ya gunia, kisha ukaendelea kufunga mdomo wake.

* * *

Jumamosi kaka alikuja na lori, wapakiaji, na fundi wake aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Majirani walikuwa wameshajipanga nje. Mama Viti alivaa vizuri, akawakaribisha kwa jina la heshima kila mmoja.

"Hesabu, Kaka. Magunia haya ni bolti na vitu vyake. Hapa injini. Hapa milango. Usije ukasema tumekuibia."

"Nani ana muda wa kuhesabu bolti?"

"Basi sema watu wasikie. Kila kitu kipo?"

Kaka aliangalia umati, akaangalia saa. "Kipo, kipo. Kila kitu kipo."

Fundi alikuwa amebeba bampa zilizopakwa upya, zimezungushiwa gazeti, zinang'aa pembeni. Aliinama kuzilaza lorini, na kwa mazoea ya kazi akafungua mdomo wa gunia lililokuwa karibu, ahakikishe. Akaingiza mkono. Akautoa umejaa bolti, safi, tupu, hazina kitambaa hata kimoja, zote zimefanana.

Alimtazama mkewe. Alikuwa amesimama kati ya wanawake wa mtaa, kidevu juu, macho kwake, anasubiri. Neno moja tu lingetosha kumfichua. Fundi mwenye ovaroli alikuwa hatua chache kutoka pale.

"Vipi, shemeji?" kaka aliuliza. "Kuna tatizo?"

"Hakuna," Fundi akasema. Akalifunga gunia, akalisukuma ndani kwa bega.

Wiki zilizofuata alisema na mkewe maneno ya lazima tu: chumvi, maji, ufunguo. Alinyoosha milango ya watu. Mara nyingine alinyoosha bolti juu bila kugeuka, akakumbuka, akaishusha.

* * *

Habari za maonyesho zililetwa na mteja wa binti, ambaye mume wake alikuwa anapanga viti pale. Aliletewa maji, akakalishwa kwenye kochi zuri.

"Lilikuja juu ya lori," alianza.

"Halikuwaka?" Mama Viti akauliza.

"Kuwaka! Injini iligeuka nusu, ikalia 'kaa!' ikagoma kabisa. Fundi wao wa tatu huyo. Wa kwanza alikimbia, wa pili wakagombana. Boneti imefungwa kamba. Na kaka yako amewavalisha wasichana fulana zenye picha ya gari, wamejipanga kama bendi."

"Endelea."

"Basi mkubwa wa kamati akafika na wapiga picha. Kaka yako akaenda kumfungulia mlango aketi. Akavuta. Mlango ukaja wote."

"Wote!"

"Wote, mama, akabaki ameukumbatia. Yule mkubwa akasema, 'Bwana, usijisumbue, nitaingia hapa hapa lilipo pengo.' Watu walicheka, wakacheka, mpiga picha akakaa chini."

"Alisemaje? Rudia."

Mgeni akarudia. Mama Viti akamwambia arudie tena pale mlango ulipokuja. Fundi, aliyekuwa mlangoni, alisikiliza mara ya kwanza tu. Aliuliza kitu kimoja: "Ni injini ndiyo ililia hivyo, kaa?" Alipoambiwa ndiyo, akatoka nje.

* * *

Safari hii kaka aliegesha mbali. Alikaa kwenye stuli bila kuifuta.

"Shemeji, nakuomba. Kuna maonyesho mengine mwakani. Wamesema nikilileta zima, wataniacha kwenye kamati. Mafundi wote wameshindwa. Wanasema aliyelivua ndiye anaweza."

"Muulize mwenye vitambaa," Fundi alisema, akarudi chini ya gari.

"Mdogo wangu—"

"Utakuja kwa Baba Mdogo," Mama Viti alisema. Alikuwa na maneno haya tayari siku nyingi. Aliyatoa kama nguo zilizopigwa pasi. "Wazee wale wale. Viti vile vile. Utakuja na kadi ina jina langu."

"Jina lako? Basi mimi nafaidi nini?"

"Nikipenda, nitakuazima siku ya maonyesho. Nisipopenda, utakaa na magunia yako."

Kaka alitafuta mtu wa kumwonea huruma. Binti alikuwa anachana wigi kwa bidii sana.

Kikao kilikaa. Kaka alisimama mbele ya wazee, shati limemganda mgongoni, akasema kwamba alimdharau dada yake, na mume wa dada yake, mbele yao, na kwamba gari ni la dada. Alisema kwa haraka, macho kwenye zulia. Baba Mdogo alijaribu kutabasamu, kupunguza uzito.

"Haya mambo ya ndugu bwana, utani kidogo tu umekuwa—"

"Leo hakuna kucheka, Baba Mdogo," Mama Viti akasema. "Kaka, hawajakusikia wale wa nyuma."

Kaka akarudia.

"Sema ulichosema siku ile."

Akasema. Friji ilisikika jikoni. Dada alimfanya arudie mpaka sauti yake ikakatika katikati ya neno, na hapo tu ndipo alipopokea kadi, akaisoma taratibu, herufi kwa herufi, watu wote wakimsubiri.

"Na kuhusu kukuazima," alisema alipokuwa anainuka, "nimefikiria. Sipendi."

* * *

Gari lilirudi kwa lori lile lile. Mifupa yake ilikuwa na makovu mapya, matundu yamepanuliwa kwa nguvu, mlango mmoja umepinda. Magunia yalishushwa. Fundi alitandika turubai bila kuambiwa, akamwaga gunia la kwanza, akachuchumaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lile lori la kwanza yeye na mkewe kukaa upande mmoja wa kazi. Mama Viti alivuta stuli yake karibu. Moyo wake ulikuwa mwepesi, hata alikuwa ameshaanza kukata vitambaa vipya.

Fundi alichagua bolti moja, akainyoosha juu bila kugeuka.

Mkewe aliitazama. Alifumbua mdomo, kwa sababu jibu lilikuwa linakuja lenyewe siku zote. Kichwani aliziona rangi, nyekundu, kijani, maua, zote zipo mahali pake. Lakini bolti iliyokuwa mbele yake haikuwa na rangi.

"Iko kama ya bawaba," alisema.

"Ipi?"

"Au ya kiti."

Fundi aliiweka chini, akanyoosha nyingine. Kisha nyingine. Ya nne hakuinyoosha. Aligeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimtisha mkewe zaidi.

"Mimi nilikuwa nataka gari," alisema. "Wewe ulikuwa unamtaka kaka yako."

"Na nimempata."

"Umempata."

Alimshika mkono, akamwekea bolti katikati ya kiganja, akamkunja vidole juu yake, kwa upole, kama anayempa mwanafunzi kazi yake ya kwanza. "Basi nitafutie tundu lake." Akainuka, akaenda kumalizia gari la mteja.

Mama Viti alipiga magoti kando ya ile mifupa. Aliijaribu bolti kwenye tundu la kwanza, ikakataa. La pili iliingia nusu, akaichomoa haraka kabla haijaharibu. La tatu ikakataa. Kila ilipokataa aliukumbuka uso wa kaka yake siku ile mbele ya wazee, sauti ikimkatika, na mwanzoni kumbukumbu hiyo ilimsaidia.